Jengo Kuu la Makerere Baada ya Moto

Jengo Kuu la Makerere limo Kampala, lakini msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuliza habari zake. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia chuoni hapo mwaka wa 1952, ikakaa miaka kumi, kisha ikaenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ilipata kuwa chuo cha uchunguzi. Jengo lenyewe lilikamilika mwaka wa 1941, miaka 19 baada ya Makerere kuanza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14.

Tarehe 20 Septemba 2020 moto uliteketeza paa na kumbukumbu nyingi. Mwezi wa Oktoba 2024 jengo lilifunguliwa tena, na kwa nje sura yake ni ile ile.

Wengi huiita kazi hiyo ukarabati. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, nasita: hukarabatiwa kilichobaki. Hata hivyo silaumu. Sura ya nje yaweza kunakiliwa katika picha na michoro. Ndani sharti pabadilike, kwani waashi wa 1941 hawakuijua kompyuta, wala hawakumfikiria mwanafunzi asiyeweza kupanda ngazi. Lakini jalada lililoungua halina mchoro. Chuo chenye jengo la umri huo kingeanza kwa kunakili majalada yake na kuziweka nakala katika jumba jingine, ndipo waashi waitwe.