Mamothi Walikula Nini?

Mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Otto Herz na mwenzake Eugen Pfizenmayer walifika kando ya mto Berezovka, unaomwaga maji yake katika mto Kolyma, kaskazini-mashariki mwa Siberia. Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg kiliwatuma wakamfukue mamothi, ndugu wa tembo aliyetoweka zamani, aliyeonekana mwaka uliotangulia kwenye poromoko la udongo wa barafu. Nyama ya kichwani ilikuwa imekwisha kuliwa na wanyama. Nyonga na mguu wa mbele vilikuwa vimevunjika, ishara kwamba mnyama huyo aliporomoka vibaya. Ilibidi wajenge kibanda juu ya mzoga na kuwasha moto ndani yake ili udongo ulegee, kisha wakamkata vipandevipande na kumsafirisha kwa sleji. Mzoga ule ulipata sifa duniani kwa ngozi na manyoya yake. Kwa wataalamu wa mimea, mali yenyewe ilikuwa mdomoni: tonge la mwisho lilikuwa bado limebanwa kati ya magego.

Tonge hilo na mabaki ya tumboni yalimfikia Vladimir Sukachev, aliyetoa matokeo yake mwaka 1914. Alitambua nyasi, mimea ya jamii ya ndago na mimea midogo ya maua, thaimu ya porini ikiwamo. Ungedhani swali limejibiwa. Kumbe ndiyo kwanza linaulizwa, maana mlo mmoja wa mnyama mmoja hauelezi nchi nzima ilivyokuwa, na wasomi wangebishana juu ya nchi hiyo kwa karibu karne nzima.

Kwanza tuielewe ardhi yenyewe. Wanasayansi huiita ardhi ya barafu ya kudumu: udongo au mwamba ambao joto lake halipandi juu ya nyuzi 0 kwa angalau miaka 2 mfululizo. Sehemu kubwa ya Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada imo katika hali hiyo tangu Enzi ya Barafu au kabla yake. Mjini Yakutsk, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Alipoacha mwaka 1837 alikuwa amefika kina cha mita 116, na bado hakuwa amepata maji; chini kote kulikuwa kumeganda. Kisukuku cha Olduvai, Tanzania, ni mfupa uliogeuka jiwe. Katika ardhi ya namna hii mfupa hubaki mfupa, unywele hubaki unywele, na mbegu hukaa kama ilivyodondoka.

Sasa tatizo. Tembo mzima wa Afrika hula takriban kilo 150 za majani kwa siku. Mamothi wa Siberia naye hakuwa mnyama wa kushiba kwa kudonoa, na hakuwa peke yake. Wachimba dhahabu wa karibu na Fairbanks, Alaska, waliokuwa wakibomoa kingo za udongo kwa mabomba ya maji, walifichua mifupa kwa maelfu: mamothi, farasi, nyati wa baisani, simba, hata saiga, swala ambaye leo anaishi nyika kavu za Kazakhstan. Lakini tundra ya leo katika nchi hizo ni chepechepe, udongo wake ni baridi na duni, na vichaka vyake vingi vina majani yenye kemikali za kuwafukuza wanyama. Kundi lile lilishiba nini?

Dale Guthrie wa Chuo Kikuu cha Alaska alitoa jibu lake mwaka 1968. Alihesabu mifupa ya wachimba dhahabu akaona kwamba wanyama waliotawala walikuwa wala nyasi. Meno ya mamothi, marefu na yenye mistari mingi ya kusagia, yalikuwa mashine za kutafuna majani makavu. Kwa hiyo, alisema, kulikuwa na mbuga ya nyasi, kavu na yenye jua, iliyoenea kutoka Ulaya hadi Yukon, Kanada. Baadaye aliipa jina: nyika ya mamothi.

Guthrie hakuwa mtu wa kukaa na makabrasha tu. Mwaka 1979 wachimba dhahabu walimwita kuchukua mzoga wa baisani uliogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya madini ya vivianiti yaliyojitengeneza juu ya ngozi. Alama za kucha na meno, pamoja na kipande cha jino kilichokwama ngozini, zilimwonyesha kwamba aliyemuua alikuwa simba. Kazi ya kumtayarisha kwa maonyesho ilipomalizika, Guthrie na wageni wake walipika mchuzi wa kipande cha nyama ya shingo, wakaula. Mnyama alikuwa amekufa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Sishauri mtu yeyote amwige.

Waliompinga walitokea upande wa chavua, lile vumbi la maua. Chavua huangukia ziwani na kuzama katika matope tabaka kwa tabaka, na ganda lake gumu hudumu. Paul Colinvaux alichimba matope ya ziwa Imuruk, magharibi mwa Alaska, na mwaka 1964 akaandika kwamba chavua ya Enzi ya Barafu ilionyesha tundra, nchi ya baridi kali. Mwaka 1980 Les Cwynar na James Ritchie walipima matope ya kaskazini mwa Yukon wakakuta chavua ni haba mno. Chavua haba, walisema, ni mimea haba: mlima wa mawe wenye kishungi cha mmea hapa na pale. Hapakuwa na malisho ya kundi lolote.

Pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha kukutana Austria mwaka 1979, katika mkutano uliozaa kitabu kikubwa juu ya Beringia, yaani nchi iliyounganisha Siberia na Alaska wakati bahari ilipokuwa chini kwa takriban mita 120. Kitabu kilitoka mwaka 1982 bila mapatano. Mifupa ilisema nchi ilikuwa na neema, chavua ikasema ilikuwa jangwa. Nami naona hapo ndipo historia hii inapovutia, kwa sababu kila upande ulikuwa na ushahidi wa kweli mkononi.

Kasoro ilikuwa katika kusoma. Chavua ya nyasi zote hufanana chini ya hadubini. Huwezi kutofautisha nyasi ya bondeni na ya mlimani. Tena, mmea unaotegemea upepo humwaga chavua kwa wingi, ilhali ule unaotegemea wadudu hutoa kidogo na chavua yake haifiki mbali. Nchi iliyojaa maua ya kuvutia nyuki ingeweza kuacha ziwani karatasi karibu tupu. Palihitajika kuona mimea yenyewe, mahali ilipoota.

Volkano ilisaidia. Miaka ipatayo 21,500 iliyopita, katika kilele cha baridi ya mwisho, mlipuko ulitokea kwenye rasi ya Seward, Alaska, mahali ambapo leo pana ziwa Devil Mountain. Majivu yaliifunika nchi, kisha baridi ikayagandisha yasiyeyuke tena. David Hopkins, mwanajiolojia aliyeijua Beringia kuliko wengi, pamoja na wenzake walianza kufunua uso huo wa kale. Victoria Goetcheus na Hilary Birks walipochapisha uchambuzi wao mwaka 2001, walieleza zulia la mimea mifupi ya jamii ya ndago lililochanganyika na nyasi na mimea ya maua, juu ya udongo mkavu uliorutubishwa na vumbi la kupeperushwa na upepo. Colinvaux alikuwa sahihi kuhusu baridi. Guthrie alikuwa sahihi kuhusu rutuba.

Kindi wa ardhini nao walikuwa wameweka akiba. Huko Yukon, Grant Zazula alichambua viota vyao vya kale vilivyoganda, akakuta mbegu na majani yaliyokusanywa na mnyama mwenyewe karibu na shimo lake. Kwenye mto Kolyma, mashimo kama hayo, mita 38 chini ya ardhi, yalitoa matunda ya Silene stenophylla, ua dogo jeupe. Mwaka 2012 Svetlana Yashina na David Gilichinsky walitangaza kwamba wameotesha mimea hai kutoka kwenye tishu za matunda hayo yenye miaka karibu 32,000, nayo ikatoa maua na mbegu. Lakini kuna dai la awali lisilopaswa kusahaulika. Mwaka 1967 ilitangazwa kwamba mbegu za lupini kutoka Yukon, zenye miaka 10,000, zimeota. Zazula na wenzake walipozipima kwa kaboni ya mionzi mwaka 2009 walikuta ni mbegu za zama zetu zilizoangukia shimo la kale.

Mbawakawa wana faida nyingine. Mabawa yao magumu hutambulika hadi jina la spishi, na spishi nyingi za wakati huo bado zipo, hivyo ukijua leo zinaishi wapi, unajua joto zinalohitaji. Andrei Sher, Mrusi aliyetumia maisha yake kaskazini mwa Yakutia, alikuta mashapo ya Kolyma yamejaa Morychus viridis, mbawakawa mdogo ambaye siku hizi amebaki kwenye miteremko mikavu tu. Barafu nayo ina habari za upande wa pili wa mwaka. Ardhi hupasuka kwa baridi, maji ya theluji huingia ufani na kuganda, na uwiano wa isotopu za oksijeni ndani yake hutunza kumbukumbu ya majira ya baridi. Ukiviweka pamoja unapata nchi yenye baridi ya kutisha, kiangazi kikavu chenye jua, na mawingu machache kwa kuwa bahari ilikuwa mamia ya kilomita mbali zaidi.

Kisha ikaja DNA. Mwaka 2003 Eske Willerslev wa Copenhagen na wenzake walionyesha kwamba gramu chache tu za udongo wa Siberia, bila mfupa wala jani ndani yake, hutoa vinasaba vya mimea na vya mamothi. Mwaka 2014 walichapisha uchambuzi wa sampuli 242 kutoka maeneo mbalimbali ya Aktiki, zinazohusu kipindi chote cha miaka 50,000 iliyopita, pamoja na mabaki ya tumboni na kinyesi cha wanyama. Matokeo yaliwashangaza hata wafuasi wa Guthrie: kilichotawala kwa muda mrefu hakikuwa nyasi bali mimea ya maua yenye protini nyingi, na wanyama walikuwa wakiila. Nchi ilipopata unyevu, baada ya baridi kuu kuisha, mimea hiyo ilipungua, vichaka na mimea ya kinamasi vikachukua nafasi. Mjadala kuhusu mchango wa wawindaji katika kutoweka kwa mamothi bado ni mkali, ila kwenye kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, mamothi waliishi hadi miaka 4,000 hivi iliyopita, wakati piramidi za Giza zilikwisha kusimama.

Maktaba hii ya ardhi iliyoganda sasa inabomoka. Huko Batagay, Yakutia, poromoko lililoanza baada ya misitu kufyekwa karne iliyopita limefika upana wa kilomita moja hivi, na humeguka karibu mita za ujazo milioni moja kila mwaka. Lina tabaka za kale zenye miaka zaidi ya 600,000, nazo zikishayeyuka vinasaba huoza.

Wapo pia watu wanaoharakisha ubomokaji huo, kwa sababu ya biashara ya pembe. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigania marufuku ya biashara ya pembe za ndovu mwaka 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya Rais Moi. Marufuku ilipoanza, bei ya pembe za mamothi, ambazo hazikuhusika, ilipanda. Huko Yakutia wanaozitafuta hutumia mabomba ya maji yenye nguvu kukata kingo za mito, na hupata pembe. Udongo wenye chavua, mbawakawa na vinasaba vyote nilivyoeleza huishia mtoni. Pembe huweza kuuzwa tena. Udongo huo ukishatiririka hakuna atakayeusoma.