Haiba Kabla ya Mvuto

Neno haiba, ambalo leo hutajwa pamoja na tabasamu na macho malegevu, lilipovuka bahari kutoka Uarabuni lilikuwa na uso mwingine kabisa. Kwani asili yake katika Kiarabu ni hofu iliyochanganyika na taadhima, ile imshikayo mtu mbele ya sultani hata akainamisha macho bila ya kuamrishwa. Waswahili walilivua hofu, wakaliachia heshima, kisha wakalitia mahaba, hata ikawa mwenye haiba ni yule ambaye akiingia barazani watu humsogezea mkeka kwa ridhaa. Kadhalika mzizi uliowapa Waarabu jamali, yaani uzuri, ndio uliotupa jamala, yaani hisani na adabu njema. Yaonekana wazee wetu hawakuwa radhi kuuacha uzuri ukae usoni peke yake.

Urembo nao ulikuwa kazi ya mkono. Kuremba ni kutia nakshi, na mlango huweza kurembwa kama arembwavyo bibi harusi. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, hali maradhi yamemwelemea, alimtajia pete, hina na wanja, vitu ambavyo mwanamke yeyote huweza kujitia, awe amejaaliwa sura au hakujaaliwa.

Nakumbuka bibi yangu alivyokuwa akifunga kikuba jioni: asmini zilizochumwa zingali tumba, majani ya rehani, kipande cha mkadi, na uzi aliokuwa akiushika kwa meno. Asmini iliyokwisha kufunuka aliitupa, akisema harufu yake imekwisha kwenda kwa wenyewe. Siku moja nilimwambia kuwa yeye ni mzuri. "Mjukuu wangu," akanijibu bila ya kuinua macho, "uzuri ni wa Mungu. Urembo ndio wangu."

Mlimbwende ndiye aliyegeuka zaidi ya wote. Zamani alikuwa mtanashati, aghalabu kijana wa kiume, aliyevaa kanzu isiyo kunyanzi na kuipinda kofia yake kwa maringo, na waliomwita hivyo hawakukosa chembe ya kejeli. Mashindano ya urembo yalipofufuliwa Tanzania mwaka 1994, baada ya marufuku ya tangu miaka ya 1960, magazeti yaliwapa jina hilo wasichana waliopita jukwaani, na kejeli ikasahauliwa.

Siku hizi limetanda neno mvuto: mwimbaji ana mvuto, nguo ina mvuto, hata tangazo la sabuni lina mvuto. Silikatai, kwa kuwa ni Kiswahili safi, na kuvutiwa na mtu ni msemo wa siku nyingi. Ila kwa masikio yaliyokulia pwani lanuka jahazi linaloburutwa mchangani maji yakipwa. Bibi, lau angaliambiwa kuwa fulani ana mvuto, angaliuliza kamba i wapi.