Jina Kwanza, Nembo Baadaye

Rafiki yangu wa huku Kimulot anatengeneza midundo kwa kompyuta, na sasa anataka kuanzisha lebo yake ya muziki. Aliniomba nimchoree nembo: jani la chai lililounganishwa na spika. Jina ameshachagua: Chemirocha. Nikamwambia tusichore chochote kwanza, maana jina hilo lina historia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, si mbali na hapa, na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia Chemirocha. Je, Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933! Santuri zake zilifika huku, jina likapita vinywani mwa Wakipsigis, likatoka likiwa lao. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana hao alikuwa nusu mtu, nusu swala.

Jina likisafiri hubadilika. Tazama Kampala, kwenye lebo ya Nyege Nyege Tapes. Kwa Kiganda, nyege nyege ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili... mnajua wenyewe! Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha lao la Jinja, na jina lilikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Baadaye liliruhusiwa kwa masharti. Lebo yao dada inaitwa Hakuna Kulala, ambako Slikback wa Kenya alitoa kazi zake. Hilo halihitaji mkalimani: muziki ni mpaka asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya rangi na herufi, litamke jina mbele ya watu wa lugha mbalimbali, usikie wanacheka wapi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tracey aliandika jina la Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, ndiyo maana tunamjua leo. Faili ya MP3 pia ina nafasi ya jina la msanii, na wengi wetu huiacha tupu. Nimemwambia rafiki yangu: ukichukua jina la Chemirocha, mtaje Chemutoi kwenye jalada. Ukitaka kukata kipande cha sauti yake, omba ruhusa kwanza.

Bado anafikiria. Akikubali, jani la chai nitamchorea bure.