Upepo wa Malindi, Kutoka Majira Hadi Ramani

Kabla ya ramani, pwani ya Malindi iliujua upepo kwa majira yake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi iliyarudisha. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikikaribia, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. Alifika Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi hakungoja majira: kuvuka bahari ile ile kulimchukua takriban miezi mitatu, akaiona Malindi Januari 1499, mabaharia wake wengi wameuawa na kiseyeye.

Kwa nahodha, swali lilikuwa lini. Mjenzi wa mitambo ya umeme wa upepo huuliza wapi, kwani kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara 8.

Lakini wapi ni suala la ardhi, na karne ya 20 iligawa nchi kavu upya. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilisikiliza madai ya watu binafsi ukanda wa pwani, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi wao waligeuzwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mwaka 1943 msitu wa Arabuko-Sokoke ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi. Mwaka 1968 zikafuata hifadhi za bahari za Malindi na Watamu.

Jicho la angani lilikuja baadaye: satelaiti ya kwanza ya Landsat, 1972, kisha Februari 2000, chombo Endeavour kilipima miinuko ya dunia kwa rada kwa siku 11. Atlasi ya Upepo ya Dunia, iliyotolewa na chuo kikuu cha DTU cha Denmark mwaka 2015, sasa hukadiria kasi ya upepo kwa miraba ya mita 250. Juu yake mpangaji wa mitambo hupandanisha tabaka nyingine: mteremko, nyaya za umeme, barabara, uwanja wa ndege wa Malindi, ndege wahamao wa hori ya Mida, na makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Tabaka la ardhi ndilo gumu. Huko Marsabit, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ilisimamishwa penye upepo mkali ajabu, ikaingia kwenye gridi mwaka 2018. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi yake zilitolewa kinyume cha sheria. Kaunti ya Kilifi, ilimo Malindi, imetangulia kuvuna jua, megawati 40 huko Weru tangu Desemba 2021. Atakayeutafuta upepo wake atapata miinuko kutoka angani. Mipaka ya 1908 ataitafuta katika ofisi ya ardhi, na madai ya waliokosa hati atayasikia barazani.