Ndoana na Mtumbwi: Habari za Uvuvi katika Maziwa ya Rwanda

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha msamiati wa uvuvi katika darasa moja hapa Kigali. Ubaoni tuliandika maneno haya: mtumbwi, kafi, ndoana, mshipi, chambo na wavu. Wanafunzi wakayanakili kwa utiifu, lakini tulipouliza ni nani aliyepata kuishika ndoana kwa mkono wake, darasa zima lilinyamaza. Kengele ilipolia, kijana mmoja alibaki nyuma. Akatukaribia na kusema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mwalimu. Nyumbani kwetu ndoana zipo nyingi. Baba ni mvuvi huko Kivu." Tulimwuliza mbona hakuyasema hayo mbele ya wenzake. Aliinamisha kichwa, asijibu.

Kimya cha kijana yule ndicho kilichotusukuma kuandika makala hii. Kwani kimya hicho hakikuanza naye. Kina historia, na historia hiyo yafaa ijulikane na kila mwalimu anayefundisha Kiswahili katika nchi hii ya vilima.

Rwanda imesifika tangu kale kwa ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa zawadi ya urafiki, alikuwa kipimo cha heshima, na maziwa yake yalikuwa kinywaji cha waungwana. Lakini maziwa ya aina ya pili, yaani yale ya maji, nayo hayakukosekana. Magharibi kuna Kivu. Kaskazini kuna Burera na Ruhondo. Mashariki na kusini-mashariki kuna Muhazi, Mugesera, Rweru, Cyohoha na Ihema. Hata sisi wa mjini hatuko mbali na maji hayo. Mto Nyabugogo, ambao umekipa jina kituo chetu kikubwa cha mabasi, hutoka katika Ziwa Muhazi, na juu ya ziwa hilo kuna kilima cha Gasabo, ambacho mapokeo yetu hukitaja kuwa chimbuko la ufalme wa Rwanda. Hata hivyo watu wengi wa zamani, hasa wafugaji, hawakula samaki kamwe. Mla samaki alihesabiwa kuwa mtu duni, na mvuvi alitazamwa kama maskini aliyekosa ng'ombe. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa akibeba mzigo aliofungiwa na watu waliokufa zamani.

Likizo ilipofika tulimwomba atupeleke kwao. Wazazi wake wanakaa karibu na Gisenyi, wilayani Rubavu, mahali ambapo ng'ambo ya mpaka ni Goma, na ambapo Kiswahili husikika sokoni na ufukoni bila ya kufundishwa na yeyote. Baba yake alitupokea kwa furaha. "Karibu sana, Mwalimu," alisema. "Kesho alfajiri tutakwenda majini, nawe utamfundisha samaki Kiswahili."

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza, watu watatu katika mtumbwi mmoja mdogo. Maji yalikuwa matulivu kama maziwa ndani ya kibuyu. Hapakuwa na sauti ila ya kafi likiingia na kutoka majini, na jogoo mmoja aliyewika mbali kule nchi kavu. Tulipokaribia mawe fulani, mzee aliliweka kafi, akavika nyungunyungu katika ndoana, akatupa mshipi. Kisha tukangoja. Naam, starehe yenyewe ya uvuvi huu ni kule kungoja. Mkono hushika uzi mwembamba, na akili yote hushuka pamoja na uzi huo hadi mahali jicho lisipofika. Samaki alipogusa mara ya kwanza tulivuta kwa pupa, tukapata ndoana tupu. Mzee akacheka. "Mwalimu, usivute haraka. Huyo alikuwa akibisha hodi tu. Mwache aingie." Mara ya tatu tulimpata perege wa kiasi cha kiganja. Hatukumbuki kama tumewahi kuifurahia cheti yoyote kama tulivyomfurahia samaki yule.

Humo mtumbwini ndimo tulimopata somo letu la kwanza. Tulimwuliza mzee jina la ndoana katika Kinyarwanda. Akajibu, "Indobani." Kuvua kwa ndoana ni kuroba, na mvuvi ni umurobyi. Hebu tuyaweke maneno haya mawili sambamba: indobani na ndoana. Mwanafunzi atadhani kwamba moja limekopwa kutoka kwa lingine, lakini sivyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameonyesha kwamba lugha hizi zilirithi kutoka kwa mababu shina moja la kitenzi, lenye umbo la -dob-, lenye maana ya kuvua kwa ndoana. Katika Kinyarwanda sauti ya mwanzo imekuwa r, ila inapotanguliwa na n hubaki d. Ndiyo maana twasema kuroba lakini indobani. Katika Kiswahili sauti b imedondoka, ikabaki ndoana, ambayo wengine huitamka ndowana. Ama neno samaki, hilo tumelipata kwa Waarabu. Basi chombo ni chetu sote tangu kale, hata kama jina la kitoweo limetoka ng'ambo. Mtu wa pwani na mtu wa Kivu walikuwa wakishika ndoana moja kabla hawajajuana.

Sasa tugeukie ziwa lenyewe. Kivu liko juu sana, kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake hufikia karibu mita 485. Lakini kina hicho kikubwa hakimfai samaki. Maji ya chini yamejaa gesi ya methani na ya kaboni, wala hayana oksijeni. Uhai wa samaki umo katika tabaka la juu tu, kiasi cha mita sitini hivi. Kwa sababu hii, na kwa sababu ya historia yake ya volkano, Kivu lilikuwa na aina chache za samaki ukililinganisha na maziwa mengine makubwa ya Afrika ya Mashariki. Wavuvi wa zamani walishughulika kandokando ya ufuko, kwa ndoana, kwa mitego ya kusuka na kwa nyavu ndogo. Katikati ya ziwa palikuwa kama shamba lisilolimwa.

Hata hivyo mitumbwi haikukosa kazi. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, aliushambulia na kuutwaa Ujiji wa ziwa hili, yaani Kisiwa cha Ijwi, na bila ya mitumbwi asingeweza kuvusha askari hata mmoja. Mjerumani von Götzen alipolifikia ziwa hilo mwaka 1894, alikuta watu ambao tayari walikuwa wamezoea njia zake zote. Mvuvi aliyedharauliwa barazani ndiye aliyehitajiwa pale mfalme alipotaka kuvuka.

Tumelitaja jina la Ujiji kwa makusudi, maana historia ya uvuvi wa Kivu haikamiliki bila ya Ziwa Tanganyika. Ujiji halisi uko kwenye ufuko wa Tanganyika, nao ulikuwa mji mashuhuri wa biashara ya misafara katika karne ya 19. Huko ndiko Kiswahili cha pwani kilikoteremsha mizigo yake. Mnamo Novemba 1871, Livingstone na Stanley, wakiwa wamekutana hapo, walipanda mtumbwi pamoja na wapiga makafi wao, wakaenda hadi ncha ya kaskazini ili wajue kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakauona unaingia. Leo twajua kwamba maji hayo yanatoka Kivu, yakiporomoka kiasi cha mita 700 kabla ya kufika Tanganyika. Maji yalishuka, lakini samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda maporomoko.

Kilichoweza kupanda ni lugha. Kiswahili kilikuja Rwanda polepole, kwani utawala wa Rwabugiri haukuwafungulia milango wafanyabiashara wa pwani. Baadaye kiliingia pamoja na askari, makarani na wachuuzi wa enzi ya Wajerumani, na Kigali ilipoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, lugha hii ilipata makao mjini, ambayo kumbukumbu yake bado iko hai katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa lugha ya wageni. Ilipofika mwaka 2017, Bunge liliifanya kuwa moja ya lugha rasmi za nchi.

Samaki naye alifuata njia ile ile, ila yeye alibebwa. Kati ya miaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa vilichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika vikamwagwa Kivu, kusudi viyale mavumbi ya uhai yaeleayo katikati ya ziwa, ambayo hayakuwa na mlaji. Waliochukuliwa walikuwa wa aina mbili. Aina moja ndiyo iliyostahimili. Wataalamu huiita Limnothrissa miodon, watu wa Kigoma huiita lumbu, na huku kwetu ni isambaza, au sambaza kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu. Kijana wetu alituuliza kama jina hilo limetokana na kitenzi "kusambaza", kwa kuwa samaki huyo alisambaa ziwa zima. Tulimsifu kwa kuwaza, kisha tukamwonya: kufanana kwa sauti si ushahidi wa ujamaa wa maneno. Ndoana na indobani tumeyaunganisha kwa kanuni za sauti, si kwa sikio peke yake.

Ilichukua takriban miaka ishirini kabla ya watu kujifunza kumvua mgeni huyu kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Rwanda na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilianzisha mradi huko Gisenyi, na ufundi wa Tanganyika ukaletwa na kugeuzwa ulingane na Kivu. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa usiku, isambaza huvutwa na mwanga, na wavu ulioteremshwa chini yao huinuliwa. Kundi hilo la mitumbwi na watu huitwa ikipe, jina lile lile la timu ya mpira. Wakati wa magharibi wavuvi hutoka wakiimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia, ili makafi yote yaingie majini kwa pamoja. Mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika, kwa kuwa taa zao hushindwa na taa ya Mungu.

Hatuwezi kuandika historia ya maji ya nchi hii na kuupita mwaka 1994. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mito na maziwa yalitupiwa miili ya watu wasio na hatia. Nyabarongo iliichukua hadi Akagera, na Akagera hadi Ziwa Viktoria, ambako watu wengi waliacha kula samaki kwa hofu na huzuni. Tunapomwona leo mtu amekaa kwa utulivu juu ya maji, ameshika uzi wake, haidhuru hata asipopata kitu. Utulivu huo wenyewe ni neema, na walioununua kwa machozi wanaijua thamani yake.

Siku hizi isambaza huliwa hata na wajukuu wa wale walioapa kutogusa samaki. Wakazi wa Kigali huenda Muhazi mwisho wa juma, wakaagiza perege wa kuchoma bila ya haya. Lakini mafanikio yana hatari yake. Nyavu zenye matundu madogo, zilizopigwa marufuku, humzoa samaki kabla hajazaa. Ndiyo sababu uvuvi wa isambaza husitishwa kwa muda kila mwaka ili ziwa lipumue. Mzee wetu alilisema jambo hili kwa ufupi: "Ndoana huchukua mmoja na kumsamehe mwenzake. Wavu mbaya haumsamehi mtu, hata mtoto wa mwenye wavu."

Tunapomaliza, tungependa kuwapa walimu wenzetu shauri moja. Wahenga walisema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Basi tunapofundisha maneno ya kazi, tumtafute darasani mtoto wa mwenye kazi hiyo, tumpe chaki. Tulifanya hivyo shule ilipofunguliwa. Kijana wetu alisimama mbele ya wenzake akiwa na uzi, kipande cha risasi na ndoana mbili za baba yake, akaeleza jinsi ya kufunga, kutupa na kungoja. Alipokosa neno la Kiswahili alitumia Kinyarwanda, na darasa zima likamtafutia. Saa ilipokwisha walikuwa bado wanamwuliza maswali.

Sisi tulikaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, tukiandika maneno tuliyokuwa hatuyajui.