Kutoka Masijala hadi Barua Pepe: Majina Yaliyohama na Walinzi Waliobaki

Istilahi haizaliwi peke yake. Huzaliwa pamoja na kazi, na kazi ina taratibu zake. Kabla ya kompyuta kuingia maofisini, tulikuwa na msamiati kamili wa barua: masijala, jalada, dokezo, kumbukumbu namba, mhuri na nakala. Kila neno kati ya hayo lilikuwa pia kanuni. Barua ya siri ilifungwa katika bahasha na kupita katika mikono michache inayojulikana. Nakala nazo zilipigwa chapa kwa karatasi ya kaboni, na idadi yake haikuzidi uwezo wa kaboni hiyo. Kwa hiyo vifaa vyenyewe vilimlinda mwandishi.

Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson, mtumishi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts, alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyechagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Waliomfuata waliazima msamiati wa ofisi: kanuni zilizotolewa mwaka 1977 ziliweka mahali pa mpelekaji, mpelekewa, kusudi na nakala, na hata nakala isiyoonekana na wapokeaji wengine. Kaboni imekwisha kutoweka, lakini jina lake limo bado katika herufi cc.

Majina yalihama, ila walinzi hawakuhama nayo. Mei 1978 mwuzaji wa kampuni moja ya kompyuta alipeleka tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja, na malalamiko yakafuata. Utaratibu wa upelekaji ulioandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982 haukudai uthibitisho wa mpelekaji. Mtu aliweza kujiandika jina lolote. Mei 2000 kirusi kilichotoka Ufilipino kilisafiri kama kiambatisho cha barua ya mapenzi. Aliyekifungua alikisambaza bila kujua kwa watu waliokuwamo katika orodha yake ya anwani, nao wakakipokea bila shaka yoyote, kwa kuwa kilitoka kwa mtu wanayemfahamu.

Kwa Kiswahili twasema barua pepe. Jina hili ni zuri, maana sauti yake yatukumbusha upepo na kupepea. Hatari yake ni kwamba mtumiaji huvutwa na neno la pili akasahau la kwanza. Iliyo pepe ni njia tu. Kilichoandikwa ni barua, nacho chaweza kuhifadhiwa, kunakiliwa na kutolewa ushahidi mahakamani. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zimekwisha kuligusa jambo hili.

Yafaa basi tunapofundisha istilahi hizi tufundishe na wajibu wake. Kiambatisho ni kitu cha kuulizwa kwanza, si cha kufunguliwa kwanza. Nakala hupewa anayehusika na kazi, wala si kila aliyemo katika orodha. Nakala ya siri huhifadhi anwani za watu wengi wasiojuana. Isigeuzwe kuwa njia ya kumsengenya mwenzako kwa mkuu wake. Neno la siri lisipokuwa siri, hupoteza jina lake. Na barua inayoagiza malipo, au inayodai kwamba akaunti ya benki imebadilika, ithibitishwe kwa simu kwa kutumia namba iliyomo katika jalada, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyohiyo.

Karani wa masijala aliuliza kila barua imetoka wapi, yamhusu nani, na itawekwa wapi. Leo maswali hayo matatu ni ya kila mtumishi aliyekaa mbele ya kompyuta.