Karani na Mkuu Wake

Kambi ya Dagahaley, katika nchi ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita. Baadaye fedha za jamaa walioko ng'ambo zikawa zinafika sokoni mwake kwa njia ya hawala. Ndugu hutoa fedha London. Karani wa Dagahaley hupata habari, humtambua mpokeaji kwa jina lake na kwa watu wamjuao, kisha humlipa, hata kabla ofisi hizo mbili hazijamaliza hesabu baina yao. Wepesi wa karani huyo watokana na mkuu wake, aliyemwamini aamue.

Je, benki yaweza kuendeshwa kwa imani ya namna hiyo? Turudi nyuma hadi mwaka 1993, huko Murang'a. Chama cha kukopesha fedha za kujengea nyumba kiitwacho Equity, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilikaguliwa na Benki Kuu kikaonekana kimefilisika. Katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa, 54 zilikuwa katika madeni yaliyochelewa. Hasara ilifika shilingi milioni 33, na mtaji ulikuwa milioni 3 tu!

Mwenyekiti, Peter Munga, alimwita mhasibu aitwaye James Mwangi. Siku zile benki kubwa zilikuwa zikifunga matawi mashambani, na mwenye akiba ndogo hakutakiwa. Equity ikageukia watu hao hao. Makarani wakafunzwa upya, wakapewa nafasi ya kumiliki hisa, na baadaye wakatumwa vijijini kwa magari yaliyochukua huduma za benki. Karani aliye na hisa hamtazami mkulima wa chai kama msumbufu, maana akiba ya mkulima huyo ni riziki yake pia.

Lakini tusiandike historia kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyeinua jengo zima. Hadi mwaka 2004 mkuu wa kazi alikuwa John Mwangi, naye James alikuwa chini yake. Mkuu akubaliye desturi za ofisi yake zibadilishwe na aliye chini yake aghalabu husahauliwa; mimi namhesabu miongoni mwa viongozi adimu. Mwishoni mwa mwaka huo Equity ikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nairobi.

Hata hivyo, imani ya mkuu kwa karani ina mpaka wake. Benki hukaguliwa na wageni. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, ikihofia kwamba fedha za magaidi zapitia humo. Leseni zilirudishwa katikati ya mwaka, pamoja na masharti mapya. Kwa majuma yale, karani wa hawala hakuwa amepungukiwa uhodari hata chembe, wala mkuu wake hakuwa ameacha kumwamini. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na mjane aliyengoja fedha za mwanawe alirudi hemani mikono mitupu.